Mmea wa mama mkwe unaninyaukia, na Pasaka anakuja

SWALI

Shikamoo mama,

Naandika nikiwa na aibu kidogo, maana wenzangu wanakuletea mambo ya ndoa na watoto, mimi nakuletea ya maua. Lakini yananikosesha usingizi.

Mimi ni mtu wa Pwani, nimeolewa Uchagani. Desemba tulikwenda Marangu, Kilimanjaro, kama kila mwaka. Siku ya kuondoka mama mkwe aliingia kihambani, yaani shamba lao la migomba, na panga, akakata shina la mmea wenye majani marefu kama ya mahindi, akalifunga kwa majani makavu ya mgomba, akanikabidhi. "Kapande nyumbani kwako," akasema, basi. Nilipofika Tabata niliununulia chungu cheupe cha kauri, kizuri sana, nikauweka sebuleni kwenye mlango mkubwa wa kioo unaoingiza jua la jioni.

Mwanzoni ulichangamka. Sasa majani ya chini yamekuwa ya njano, ncha za mengine zimekauka kama zimebabuliwa na moto, na jana nilipolishika shina kwa chini likabonyea. Juu bado ni kijani.

Nina mingine minne niliyonunua kwenye vitalu vya barabarani Mikocheni, majina siyajui. Mmoja una vijiti vinene vyenye vijani vinavyong'aa hadi wageni wanadhani ni plastiki. Nao umeanza unjano. Wa pili unatambaa, majani yake kama moyo yana mabaka ya njano. Uko kwenye chupa ya maji jikoni na hauna tatizo. Wa tatu majani yake yamesimama kama mapanga, kingo zake za njano. Huo uko chumbani, na jirani ananiambia niutoe kwa sababu usiku unatunyang'anya hewa. Wa nne una majani mapana yenye madoadoa meupe, na mwanangu wa mwaka mmoja na miezi miwili anapenda sana kuuvuta.

Dada anayenisaidia kazi nilimwelekeza amwagilie kila siku asubuhi, kikombe kimoja kila chungu. Maji yetu ni ya kisima. Mwezi uliopita nilisafiri siku nne, niliporudi nikakuta unjano umeanza, nikajua alisahau. Nilimfokea, na mwisho wa mwezi nikamkata shilingi 20,000. Anaapa kwamba alimwagilia kila siku. Tangu hapo hazungumzi nami kama zamani.

Nisaidie mama. Hii ni mimea gani, naiokoaje, na mama mkwe akifika Pasaka nimwambie nini? Halafu nilitamani kununua ule mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau niliouona kwa rafiki yangu. Au ule ni wa Ulaya, Dar hautaishi?

Mke wa Mchaga, Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma, nyanyuka ukautoe ule wa majani mapana yenye madoadoa meupe mahali mtoto anapofika. Huo ni difenbachia, asili yake misitu ya joto ya Amerika. Ndani ya majani na shina lake mna fuwele ndogo mno zenye ncha kama sindano. Mtoto akitafuna, zinamchoma midomo, ulimi na koo. Anaanza kulia, kutoka udenda, na mdomo unaweza kuvimba. Ikitokea, mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji, umpe maji baridi au maziwa anywe kidogo kidogo, wala usimtapishe. Ukiona anashindwa kumeza au anapumua kwa shida, nendeni hospitali papo hapo. Utomvu ukimwingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha mpeleke akaonwe. Ule unaotambaa na ule wa vijiti vinene nao ni jamaa zake na wana fuwele hizohizo, kwa hiyo iweke juu yote. Difenbachia, kwa maoni yangu, mpe mtu asiye na mtoto mdogo. Ni mmea mzuri, lakini kwa miaka miwili mitatu hii haukufai.

Ukishauhamisha, osha mikono, ukae tuzungumze.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara naishia kwenye sentensi ileile: kikombe kimoja, kila siku, kila chungu. Kikombe cha chai ni kama robo lita. Kwa mwezi mmoja chungu kimekunywa zaidi ya lita saba. Nikuulize sasa: kile chungu cheupe cha kauri kina tundu chini? Nina hakika hakina, maana vingi vya aina hiyo vimetengenezwa kupendeza, na chungu kingine chenye matundu ndicho kinachotakiwa kukaa ndani yake. Maji yote yaliyomiminwa humo tangu Januari hayakuwa na pa kutokea.

Kesho asubuhi tandika gazeti sakafuni, kilaze chungu, uutoe mmea pamoja na udongo wake. Unuse kwanza. Udongo wenye afya unanukia kama shamba baada ya mvua; ulioshiba maji kupita kiasi unanuka mtaro. Kisha tazama mizizi. Iliyo hai ni migumu, ukiivuta haikatiki ovyo. Iliyooza ni ya kahawia, inateleza, na ukiivuta ganda lake linabaki vidoleni huku uzi mwembamba wa ndani ukining'inia. Mzizi unahitaji hewa kama wewe. Udongo ukijaa maji hewa inatoka, mzizi unakufa, na ukishakufa hauwezi kunywa hata ukiwa umezungukwa na maji. Hapo majani yanalegea na kuwa ya njano, mwenye nyumba anadhani ni kiu, anaongeza kikombe kingine. Nimeona mimea mingi ya ndani ikifa kwa namna hii kuliko iliyokufa kwa kusahauliwa.

Kwa hiyo dada yako alisema kweli. Hebu fikiria: ule wenye vijani vya kung'aa una viazi chini ya udongo, na viazi hivyo ni ghala la maji. Ungeukausha wiki tatu usingetikisika, sembuse siku nne. Unjano ulioukuta uliporudi safari ulikuwa umeanza kupikwa chini wiki nyingi kabla, na kilichoupika ni agizo lako, ambalo yeye alilitii bila kukosa hata siku moja. Mrudishie shilingi 20,000 zake. Usizichanganye kwenye mshahara ujao wala usiziite zawadi, mpe mkononi, umwambie, "Nilikukosea, haukuwa uzembe wako." Baada ya hapo mfundishe nitakachokufundisha, kwa sababu yeye ndiye anayeshinda na mimea hiyo mchana kutwa.

Kumwagilia maji kwa ratiba mkuache. Mtu achovye kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili, au achomeke kijiti cha mshikaki na kukiacha dakika chache. Kikitoka na udongo umenata, leo hakuna maji. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini, yaache yachuruzike yote, kisha subiri tena. Jingine ni kukinyanyua chungu: baada ya wiki mbili mkono wenyewe utakuwa umejua uzito wa chungu chenye kiu. Masika yakianza hewa ya Dar inakuwa nzito kwa unyevu na udongo unachelewa kukauka, hivyo maji yatapungua zaidi.

Sasa mmea wa mama mkwe. Mume wako hakukuambia? Hilo ni sale. Wataalamu wanaliita Dracaena fragrans, nalo ni la huku kwetu Afrika. Uchagani masale ndiyo mipaka ya vihamba: mtu anakata kipande cha shina, anakichomeka ardhini, kinaota, na mpaka umewekwa. Ndiyo majani ya amani pia. Aliyemkosea mwenzake anakwenda kwake na jani la sale kuomba radhi, na aliyekosewa kulikataa jani hilo ni jambo zito sana. Mama yule hakukupa pambo. Hilo linakuongezea wasiwasi, najua, lakini linakupa na matumaini, kwa kuwa mmea unaoota kwa kuchomekwa tu mpakani ni mgumu kufa.

Fikiri kwao ulivyokuwa ukiishi. Kihambani sale liko chini ya kivuli cha migomba, hali ya hewa ni ya baridi, udongo wa mlima ule unapitisha maji vizuri, na maji yenyewe ni ya mvua. Wewe umelileta Tabata, ukalisimamisha mbele ya kioo kinachopokea jua la magharibi la Februari, ukalinywesha maji ya kisima. Zile ncha zilizobabuka ninaamini zinatokana na maji hayo. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Tazama juu ya udongo na kwenye kingo za chungu: ukiona utando mweupe mkavu, hiyo ndiyo chumvi iliyobaki maji yalipokauka. Masale na jamaa zake hawaivumilii. Inasukumwa hadi mwisho wa jani, na hapo ndipo inapounguza. Usidhani kuchemsha kutasaidia, chumvi haichemki ikaondoka. Tumia ya mvua, au yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi kama unacho. Masika si mbali, tega ndoo, na uifunike vizuri.

Kuliokoa ni hivi. Shina likibonyea chini, sehemu hiyo imeoza na haitarudi. Chukua kisu kikali, ukifute kwa spiriti, ukate juu ya mahali palipooza mpaka uone nyama ya shina ikiwa safi, nyeupe au ya kijani hafifu, bila doa la kahawia. Ukiona doa, panda juu kidogo, kata tena. Ukibaki na kishungi cha majani chenye shina la urefu wa kiganja kimoja, kinatosha. Punguza nusu ya majani ili kisipoteze maji mengi wakati hakina mizizi, kisha kiache kivulini siku moja kidonda kikauke. Kipande cha shina kilichobaki katikati, kikiwa kizima, usikitupe. Nacho kitaota, ila kumbuka upande uliokuwa juu ubaki juu.

Udongo usichote tu uani. Changanya sehemu mbili za mboji iliyoiva, moja ya mchanga mkubwa wa mtoni na moja ya nyuzi za makumbi ya nazi au pumba za mpunga zilizochomwa. Mchanga wa ufukweni usiuguse, tumetoka kuongelea chumvi. Chungu chochote chenye matundu kinafaa, hata ndoo ndogo ya rangi uliyoitoboa chini na kuiosha vizuri. Kile cheupe unaweza kukitumia kama vazi la nje: ndoo ikae ndani yake, na kila ukimwagilia uitoe kwanza, ichuruzike, ndipo uirudishe. Chomeka kishungi, shindilia kwa vidole kisiyumbe, mwagilia mara moja, kisha kiweke mahali penye mwanga wa kutosha kusomea gazeti lakini jua lisikiguse. Udongo uwe na unyevu mdogo tu. Mizizi inachukua wiki nne, pengine nane. Usikivute kila siku kuangalia. Ukiona jani jipya linachomoza katikati, kazi imeshika.

Na kuhusu mwanga nikwambie kitu ambacho kimewachanganya wengi. Maelezo mengi ya mimea ya ndani yameandikwa Ulaya, yanasema dirisha la kusini ndilo lenye jua. Sisi Dar tuko kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua letu linapita upande wa kaskazini, na upande wa kusini linakuja ile miezi iliyobaki tu. Dirisha la mashariki ndilo rafiki wa mimea mingi, kwa kuwa jua la asubuhi halina ukali. La magharibi lipe pazia jepesi. Nyavu za mbu na nondo nazo hupunguza mwanga, basi futa vumbi majanini kwa kitambaa chenye maji kila baada ya wiki mbili. Ukifuta, geuza jani uangalie mgongo wake. Ukikuta vijidudu vyeupe kama vipande vya pamba, hao ni vidung'ata. Wapanguse kwa pamba yenye spiriti, urudie kila wiki hadi waishe.

Ule unaodhaniwa plastiki ni Zamioculcas zamiifolia. Na huo, mwanangu, ni mwenyeji wetu kabisa: unaota porini kuanzia Kenya, ukashuka Tanzania bara na Zanzibar, hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, ukaenea dunia nzima, leo tunaununua kwa bei kubwa kama kitu cha ng'ambo. Utoe chunguni, kata viazi vilivyolainika, vilivyo vigumu viache vikauke kivulini siku mbili, kisha uvipande kwenye udongo mkavu, na usiumwagilie wiki nzima. Baada ya hapo maji kila wiki tatu yanatosha. Kijani, yaani jani lake dogo, kilichodondoka kikiwa kizima chomeka kwenye udongo. Kitatengeneza kiazi chake, ingawa kitakuchukua miezi mingi.

Wa majani kama mapanga ni sansevieria, ndugu wa mkonge mwitu tunaouona porini, ila huu wa kingo za njano asili yake ni Afrika Magharibi hadi Kongo. Mwambie jirani asiogope. Mimea yote hupumua usiku, lakini hewa inayotumia chungu kimoja ni kidogo mno, mume wako akilala hapo anatumia nyingi zaidi mara nyingi. Tena huu una tabia ya mimea ya ukame: unafungua matundu yake usiku kuvuta hewa ukaa, na mchana unayafunga usipoteze maji. Uacheni chumbani. Umwagilie kwa nadra kama ule mwenzake wa viazi, na maji yasituame katikati ya majani. Ukitaka kuuzidisha, gawa shina la chini. Ukipanda kipande cha jani kitaota, ila kingo za njano zitapotea na utapata wa kijani kitupu.

Wa kutambaa ndio ule watu wengi mjini wanauita mani planti. Hauna shida na chupa yako, wenye shida mtakuwa ninyi. Mbu wa dengi anapenda maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba, na Dar tuliiona dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mwaga maji yale kila wiki, sugua chupa ndani kwa brashi kwa sababu mayai hunata ukutani, ndipo ujaze mapya. Visahani vya chini ya vyungu vyote vivyo hivyo.

Ule wa maua ya zambarau uliouona kwa rafiki yako si wa Ulaya. Kwao ni Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliukusanya huko Tanga akaupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata ukapewa jina la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wao. Mamilioni ya nyumba duniani wameuweka dirishani, na huku kwetu mtu wa Pwani anauliza kama ni wa Ulaya. Inaniuma kila nikiulizwa. Lakini joto la Dar kweli unalihisi, kwa sababu umezoea miamba yenye ukungu na kivuli. Ukiununua, uweke chumba chenye ubaridi kuliko vyote, dirisha la mashariki, na uunyweshe kwa chini: weka chungu kwenye sahani ya maji nusu saa, kisha mwaga yanayobaki. Majani yake yakilowa yanapata madoa. Ila ningekuomba usubiri kwanza sale liote.

Mama mkwe usimngojee Pasaka. Mpigie wikendi hii, umwambie sale limeoza chini, umelikata, umelipanda upya, na ulikuwa hujui ni sale. Mwanamke aliyekaa na masale maisha yake yote hatashangazwa na shina lililooza. Atakachotaka kujua ni kama ulilitupa. Mwombe akija aje na vipande viwili vingine, na akueleze mwenyewe kwa nini alikukatia lile. Na ukimaliza, mpe dada simu naye amsalimie, kwa kuwa wao wawili ndio watakaolitazama sale pamoja asubuhi ya Pasaka wewe ukiwa jikoni.